Mguu wa Shangazi Haukuvunjika

Charm, Ohio
Alhamisi, 19 Februari

Mdogo wangu Ervin, na wifi Wilma, na watoto wote,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, tena wazima kupita kiasi, na ndiyo maana nakuandikia. Hebu niambie, nani kanivunja mguu?

Jumatatu posta imeleta kadi tisa. Nikasema labda ni siku yangu ya kuzaliwa, lakini mimi nimezaliwa Agosti, na hata Agosti yenyewe sijawahi kupata kadi tisa. Jumanne zikaja kumi na saba. Jana yule mtu wa posta ameshindwa kuzisukuma ndani ya sanduku, kaja nazo mpaka mlangoni, akanikuta nimesimama juu ya kiti nafuta dari. Kaniangalia mguu wa kulia, kaniangalia wa kushoto, kasema, "Pole sana, mama," kisha kaondoka haraka kama mtu aliyeona mzimu.

Zote zinatoka kwenu Wisconsin! "Mungu auunge mfupa wako." "Wiki kumi kitandani si mchezo, Fannie, vumilia." Mwingine simjui hata kidogo, kaniandikia ukurasa mzima kuhusu nyonga ya mama yake. Na karibu zote zina neno hili: "Tunashukuru Loretta yupo hapo kukuuguza." Ervin, huyo Loretta nimemtafuta. Nimefungua stoo ya chini ya nyumba, nimepanda ghalani. Kama binti yako yupo kwangu ananiuguza, basi anauguza kwa mbali sana.

Atlee anacheka mpaka ndevu zinatikisika. "Mke wangu, huo mguu umevunjika lini? Jana tu umenipiga nao chini ya meza nilipotaka kuongeza pai."

Mwisho nikaenda kulitazama gazeti letu la wiki, na kweli, kwenye barua za kutoka kwenu Cashton kumeandikwa: mvua ya kadi, yaani kila msomaji atume kadi ya pole, kwa Fannie wa Atlee Schlabach, amevunjika mguu, binti wa mdogo wake Ervin Keim amekwenda kumhudumia. Nani kaandika hivyo? Kamchanganya Fannie yupi na yupi? Fanya haraka unijibu, maana nina kadi arobaini na moja mezani na sijui nizishukuru au nizirudishe.

Dada yako mwenye miguu miwili,
Fannie


Cashton, Wisconsin
25 Februari

Dada Fannie,

Salamu katika jina la Bwana. Baridi bado kali, asubuhi tunavunja barafu ng'ombe wapate kunywa.

Hakuna aliyechanganya. Ni mimi.

Loretta hayupo kwako na hapa hayupo. Aliondoka tarehe 30 Januari kwa gari la watu wa nje ya kanisa letu. Jumapili iliyofuata askofu aliniuliza mbona hakumwona na wasichana wenzake. Neno likanitoka kabla sijalipima. Nikasema nimemtuma Ohio, dada yangu amevunjika mguu. Nilidhani litaishia masikioni mwake. Mke wake ndiye aliyelipeleka gazetini, kwa wema wake.

Unajua mhubiri wetu mzee tulimzika Desemba. Tarehe 12 Aprili, baada ya meza ya Bwana, tutapiga kura ya kumpata mwingine. Maandiko yanasema wazi, mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake mwenyewe hawezi kulitunza kanisa la Mungu. Wapo waliokwisha kuniambia wananifikiria. Sisemi kwamba naitaka kazi hiyo. Nasema tu kwamba sitaki jina la nyumba yetu lipite midomoni mwa watu wiki hizi.

Naomba usijibu kadi yoyote mpaka siku hiyo ipite.

Kwa nini aliondoka, ni ukaidi wa ujana. Nimewalea wanangu kama baba alivyotulea sisi. Sitaandika zaidi. Wilma anakusalimu. Barua hii ichome.

Ervin


Charm, Ohio
Jumanne, 3 Machi

Ervin,

Sijaichoma. Tangu lini kwetu tunachoma barua? Nimeiweka kwenye kopo la vifungo, na Atlee vifungo hagusi.

Eti nisijibu! Unadhani Ohio hatusomi gazeti? Alhamisi jirani yangu Verna Raber kaja na sufuria ya kuku na tambi, nyuma yake mabinti zake wawili na mikate. Mimi nilikuwa kwenye kamba naanika nguo. Nimeona kigari chao cha farasi kinaingia uani. Nikakumbuka maneno yako, nikaanza kuchechemea. Ervin, nimechechemea kama kuku aliyefungwa kamba! Nimeingia ndani nachechemea mguu wa kulia. Nikaenda kuleta vikombe, nikarudi nachechemea wa kushoto.

Verna kaniangalia. "Fannie, maumivu yamehama?"

"Yanazunguka," nikamwambia.

"Mfupa uliovunjika unazunguka?"

"Verna, kula tambi zako."

Walipoondoka nimekaa jikoni nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nyanya wa watoto kumi na mmoja, najifanya kiwete mbele ya watoto wa watu. Kesho yake nimemfuata Verna nyumbani kwa miguu yangu yote miwili, nimemwambia mguu mzima, gazeti limekosea. Basi na huo nao ni uongo, si ndiyo? Gazeti halikukosea, liliandika ulichosema. Umenipa uongo mmoja na mimi nimeuzalia mtoto.

Sasa situlii. Nakanda unga nausahau. Nakwenda sandukuni mara tatu kwa siku kana kwamba posta inakuja mara tatu. Msichana wa miaka kumi na tisa yuko wapi? Anakula kwa nani? Wewe barua nzima umeniandikia kura, kura, kura, na mtoto umempa mstari mmoja na nusu. Ukaidi wa ujana! Loretta mkaidi? Yule aliyekuja kwangu Oktoba kwenye arusi ya Miriam wangu, akaosha vyombo vya watu mia nne bila kuambiwa? Kuna kitu hukusema.

Na usinidanganye kuhusu hiyo kazi. Wanaume wote wanaiogopa, wanalia machozi ikiwaangukia, maana ni mpaka kufa na haina mshahara. Wewe unaitaka. Nakujua tangu ulipokuwa unahubiria bata.

Niambie aliondoka kwa nini.

Fannie


Viroqua, Wisconsin
8 Machi

Shangazi Fannie,

Nilikuwa nimeamua sitakuandikia tena maishani. Lakini mguu ni mguu.

Jana mayai yaliletwa hapa yamefungwa kwenye gazeti letu. Nikalikunjua, nikaona jina lako, na hapo hapo jina la Baba, na hapo hapo kumbe na mimi nipo, niko Ohio nakuuguza. Nimesoma mara tatu nimesimama na yai mkononi. Mama Orpha, mjane ninayekaa kwake, akaniuliza nani kafa.

Nimefikiri usiku kucha na nadhani nimeelewa. Baba ana makosa yake, lakini Baba hadanganyi. Hata siku moja. Ng'ombe akiwa na kwato mbovu anamwambia mnunuzi kabla hajauliza. Kwa hiyo lazima umevunjika kweli, na Baba alikusudia nije kwako, akawaambia watu, ila mimi nilikuwa nimeshaondoka kabla hajaniambia. Kwa hiyo nauliza, shangazi, nani anakupikia? Mfupa umekaa sawa? Kama hakuna mtu, mimi nitakuja. Hapa tunaoka mikate ya duka la Mama Orpha, wao ni Wamenonaiti, kanisa linalokaribiana na letu, watu wema, hawanisumbui nivae nini. Wanaweza kunipa ruhusa.

Lakini sitakuja nikanyamaza, kwa hiyo bora niseme hapa. Najua ni wewe.

Oktoba kwenye arusi nilikaa na kijana mmoja, Wendell, ndani ya pikapu yake nyuma ya kinu cha kusaga unga, kama nusu saa, mvua inanyesha, milango wazi. Alikuwa ameleta wageni kutoka Indiana. Kanisa lao wanaendesha magari, si farasi kama sisi, lakini ni watu wa sala kama sisi. Tuliimba. Basi. Akasema ataniandikia. Nikasubiri Novemba, Desemba, hakuna kitu. Nikajiambia amenisahau, nikalia nikanyamaza.

Mwisho wa Januari natoa majivu kwenye jiko la jikoni, nikaokota kona ya bahasha haijaungua. Jina langu, kwa mwandiko ambao siujui, na muhuri wa Indiana. Nikampelekea Baba zizini. Hakukana. Alisema zilikuwa saba. Saba, shangazi! Alikuwa anazitoa sandukuni kabla sijafika. Akasema yeye ndiye atakayejibu kwa ajili ya roho yangu siku ya mwisho, si Wendell. Akasema, "Shangazi yako aliye Ohio aliona hatari kabla yangu." Akaendelea kukamua.

Sijabatizwa bado, kwa hiyo hakuna wa kunitenga. Nilikuwa nianze masomo ya ubatizo kiangazi hiki. Sasa sijui. Kila nikipiga magoti naliona jiko.

Wendell nilimwandikia mara moja kutoka hapa. Hajajibu.

Niambie kuhusu mguu.

Loretta


Charm, Ohio
Ijumaa, 13 Machi

Loretta mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Mguu wangu mzima. Haukuvunjika, haukuteguka, hata kucha haijang'oka. Baba yako alidanganya. Askofu alimwuliza uko wapi, akaona aibu, akauvunja mguu wangu kwa mdomo. Ningeweza kukuficha, maana ulivyoandika "Baba hadanganyi" nimesoma nikaona afadhali ningevunjika kweli. Lakini hii nyumba sasa imejaa uongo mdogo mdogo kama panya, na mimi nimechoka kuufukuza.

Sasa la kwangu.

Ni mimi niliyemwandikia. Sikumbuki hata nilikuwa na nia gani, na hilo ndilo baya. Nilikuwa nimemaliza arusi, nimechoka, nimekaa na karatasi, nikamwandikia baba yako nani kaja, nani kanenepa, nani kavunja bakuli langu la kioo, na katikati hapo nikaweka, "Loretta wako naye nimemwona ndani ya pikapu na kijana wa Indiana, angalia usije ukapata mkwe mwenye usukani, ha ha." Niliandika "ha ha", Loretta. Nikaweka stempu nikaenda kukamua. Kwangu ilikuwa chumvi ya barua. Wewe umepoteza barua saba na nyumba.

Mimi kinywa changu nakijua. Atlee anasema nikifa watazika mwili Jumatano na kinywa Ijumaa. Nimekuwa nacheka. Leo sicheki. Nisamehe, mwanangu. Na kama huwezi sasa, usinisamehe kwa adabu tu, subiri mpaka iwe kweli.

Njoo lakini. Si kuniuguza. Njoo tu. Chumba cha Miriam kiko wazi na nimeshatandika. Kuna gari la abiria linatoka huko kwenu kila Ijumaa linaleta watu wetu, mwambie dereva Charm, nyumba yenye ghala jekundu lisilonyooka.

Shangazi yako,
Fannie


Cashton, Wisconsin
30 Machi

Dada Fannie,

Nimepata kadi yako ya tarehe 23 kwamba Loretta amefika kwako na ni mzima. Mungu asifiwe. Wilma amelia sana, kisha akaimba siku nzima.

Naona mkono wa Bwana katika hili. Nilisema yuko kwako, na sasa yuko kwako. Mtu akiuliza leo, jibu langu ni la kweli. Tafadhali akae hapo mpaka tarehe 12 ipite, ndipo tutazungumza kuhusu kurudi kwake, na kuhusu yule kijana, ambaye jibu langu kwake halijabadilika.

Jana tulikuwa na ibada ya maandalizi. Kama kawaida wahudumu walipita kila benchi wakimwuliza mmoja mmoja kama ana amani na Mungu na kanisa. Nilisema ninayo. Askofu alinishika mkono akasema, "Dada yako anaendeleaje?" Nikasema anatembea. Hilo pia ni kweli.

Najua unanihukumu. Lakini kumbuka Eli, kuhani. Aliwaona wanawe wanapotea akawasemesha kwa upole tu, na Mungu alimhesabia yeye. Mimi sitakuwa Eli. Bora binti yangu anichukie hapa kuliko nimkose kule.

Walionifikiria bado wananifikiria. Silali vizuri. Nafikiri ni uzito wa siku hiyo.

Ervin


Charm, Ohio
Jumamosi, 4 Aprili

Ervin,

"Anatembea." Ha! Kweli natembea. Nimetembea leo mpaka kwenye kinu na kurudi kwa hasira niliyokuwa nayo, na kalamu imenisubiri mezani.

Yuko hapa, ndiyo. Lakini anauguza nini? Nionyeshe kidonda. Ulichomwambia askofu hakijawa kweli, umekipaka chokaa tu. Na mimi umenifanya nikukorogee hiyo chokaa!

Ngoja nikwambie anavyoishi, maana hukuuliza. Anaamka kabla yangu, anafagia palipofagiwa. Anakula kama ndege. Saa sita posta inapopita anakwenda sandukuni, anasimama, hafungui. Anasubiri mimi nifungue. Jumatatu nimemwambia, "Mwanangu, fungua, ni sanduku tu." Akasema, "Fungua wewe, shangazi, mimi nikikuta tupu sijui kama ni tupu kweli au kuna aliyenitangulia." Umenisikia, Ervin? Hapa kwangu, maili mia tano kutoka kwenye mkono wako.

Na sasa nakunakilia mstari aliouandika kabla hajajua, neno kwa neno, usiseme dada anatia chumvi: "Baba ana makosa yake, lakini Baba hadanganyi. Hata siku moja." Ndivyo alivyoamini mpaka Machi kumi na tatu. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba umedanganya. Tangu hapo hajakutaja tena. Alipokuwa na hasira, barua yake ilikutaja kila baada ya mistari miwili.

Unasema umelea kama baba yetu. Nani, Mose Keim? Wewe ulikuwa na miaka minne, hukumbuki. Mimi nakumbuka ya ndama. Ndama wa Baba alikufa kwa kushiba nafaka, na Baba akanichapa mimi akisema niliacha mlango wa ghala wazi. Sikuuacha. Jioni akagundua ni yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejificha nyuma ya marobota ya nyasi. Nikaona miguu yake imekuja ikasimama. Kofia ameishika mkononi, Ervin, kofia, kama anavyoivua kwenye maombi. Akasema, "Fannie, nimekuonea. Nimemwambia Mungu, sasa nakuambia wewe, maana aliyechapwa ni wewe." Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikisikia watu wanahubiri kuhusu baba wa mbinguni, mimi namwona yule mtu na kofia mkononi. Mahubiri yake mengine yote nimeyasahau.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Wewe umechukua fimbo, kofia ukaiacha.

Eli, Eli! Eli kosa lake alijua ukweli akakaa juu ya kiti chake akanyamaza. Nani anafanana naye hapo?

La mwisho halafu nanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwangu kulivyo kazi. Zaidi ya Loretta sijamwambia mtu. Verna kanizungukia wiki nzima kama nzi kwenye asali, simwambii. Mke wa askofu wenu kaniandikia barua ya pili, imelala hapa sijaijibu. Ninao ukweli wote umenijaa mpaka kooni, na hii ndiyo mara ya kwanza tangu nizaliwe nina habari nzuri hivi na siitoi. Sifanyi hivyo kukuficha. Nimeshamtangulia Loretta mara moja kwa kalamu yangu, na wewe sitakutangulia. Hili ni lako. Liseme.

Nakupenda, mjinga wewe.
Fannie


Cashton, Wisconsin
14 Aprili

Loretta binti yangu,

Sijui kama utaifungua. Nimeandika jina langu kubwa nje ya bahasha ili kama hutaki ujue kabla ya kufungua.

Nataka uyasikie ya Jumapili kutoka kwangu, kabla hujayasikia kwa wengine.

Baada ya meza ya Bwana na kuoshana miguu, kanisa lilipita mlangoni, kila mtu akamnong'oneza mhudumu jina. Mimi nilinong'ona la Delbert Gingerich. Askofu akatoka akasoma majina yaliyopata kura za kutosha. Yalikuwa matano. La nne lilikuwa langu.

Vitabu vitano vya nyimbo vilikuwa mezani, kila kimoja kimefungwa kwa mpira, kikaratasi kiko ndani ya kimoja, na atakayekichukua hicho ndiye mhubiri. Tukaitwa kukaa mbele. Nilikuwa na barua ya shangazi yako mfukoni. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, na sehemu moja niliisoma mara nyingi kuliko nyingine. Ile uliyosema wewe juu yangu, ulipodhani shangazi amevunjika kweli.

Nikasimama. Nikasema, "Toeni kitabu kimoja. Changu."

Askofu akasema kwa upole, "Ervin, kaa. Kila mtu anajiona hafai." Nikaona watu wanatikisa vichwa, wengine wanafuta machozi. Walidhani ni unyenyekevu, Loretta. Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokwenda mbali. Hata ukweli wangu ulikuwa unanipatia sifa. Ningekaa chini wakati ule, pengine ningechukua kitabu, na wote wangesema ni mtu wa Mungu kweli.

Ikabidi niseme tena. Nikasema, "Dada yangu hakuvunjika mguu. Nilidanganya hapa, na wiki mbili zilizopita nilisema nina amani na sina. Binti yangu aliondoka kwa sababu nilimwibia barua zake nikazichoma, na alipoondoka niliona aibu zaidi kuliko nilivyoona huzuni." Mama yako aliinamisha kichwa. Sijui alikuwa analia au anashukuru. Sijamwuliza.

 Kisha askofu akachukua vitabu vyote akaenda navyo chumbani na mashemasi, wakarudi na vinne. Kikaratasi kilimwangukia Delbert. Alilia kama mtoto. Mimi niliona haya kwa sababu kwa dakika moja nilimwonea wivu, hata baada ya yote.

Sasa kuhusu barua zenyewe. Siwezi kukurudishia. Lakini nilizisoma kabla ya kuzichoma, zote saba. Nilijiambia nasoma kwa ajili ya roho yako. Nakumbuka mengi kuliko ninavyotaka, na ni yako, kwa hiyo nayaandika.

Ya kwanza, alisema abiria walilala njia nzima mpaka Indiana na yeye akauimba ule wimbo wenu, akausahau ubeti wa tatu, anaomba umwandikie. Ya pili ilikuwa ndefu, juu ya kazi ya kuezeka mapaa na mbwa wa mwajiri wake anayepanda ngazi. Kulikuwa na kichekesho hapo. Nilicheka, kisha nikaitia motoni. Ya tatu alikuuliza kama unaogopa kitu chochote. Alisema yeye anaogopa kisima. Ya nne aliuliza kama umekasirika. Ya sita sikumbuki, nilikuwa naisoma haraka, ulikuwa unashuka ngazi. Nisamehe hiyo pia. Ya saba ilikuwa mistari miwili, kwamba hatakusumbua tena na anakuombea.

Ya tano nimeiacha mwisho. Aliandika, "Sitaki kukuandikia kwa kificho. Niambie baba yako yuko nyumbani lini, nitakuja nikae naye mezani, aniulize anachotaka." Hiyo niliikunja ikawa ndogo kabisa, nikaichoma kabla ya nyingine.

Bado naamini kanisa letu ni bora kwako, siwezi kusema vinginevyo, nitakuwa nadanganya tena. Lakini kama atakuja, atakaa mezani. Nitamwuliza, na nitamsikiliza.

Jumapili tarehe 26 nitapiga magoti niungame mbele ya kanisa, nyumbani kwa Delbert, maana zamu ya ibada ni ya nyumba yake. Sikuombi uje. Nilitaka tu ujue siku yenyewe.

Nimekuonea. Nimemwambia Mungu na nimewaambia watu. Wewe ndiwe niliyepaswa kukuambia kwanza.

Baba yako,
Ervin Keim


Charm, Ohio
20 Aprili

Baba,

Nilifungua sanduku mwenyewe.

Nimesoma barua yako kwenye njia ya kurudi, nikapita mlango, nikafika mpaka shamba la Verna bila kujua. Shangazi alikuja kunifuata anakimbia, na Verna akamwona anakimbia, sasa hilo nalo litaandikwa gazetini.

Sijui nikwambie nini. Bado nina hasira. Nilipofika pale pa mbwa anayepanda ngazi nilicheka, halafu nikakasirika kwamba wewe ulicheka kwanza. Halafu nikakufikiria umekaa unaandika vile kwa mwandiko wako, neno la kijana wa watu, na sikuweza kumalizia mpaka jioni. Wendell nimemwandikia ubeti wa tatu. Akijibu atajibu. Kama hatajibu, nitajua kwamba sanduku lilikuwa tupu kweli, na hilo naweza kulibeba.

Kuhusu ubatizo usiniulize bado.

Gari la abiria linatoka hapa Ijumaa. Shangazi anakuja pia. Anasema lazima watu wa Cashton wauone mguu, na kwamba atatembea kutoka benchi la kwanza mpaka la mwisho ili pasiwe na swali.

Ukipiga magoti sitakuwepo ndani. Wakati wa kikao cha washirika mnatutoa nje sisi ambao hatujabatizwa, na safari hii mtanitoa pamoja na watoto wadogo. Kwa hiyo usinitafute kwa macho, usije ukadhani sikuja. Angalia chini, maliza unachopaswa kusema, usikifupishe.

Mlango ukifunguliwa, pita moja kwa moja mpaka kwenye vigari. Farasi wako hapendi kusimama karibu na farasi wa watu, utakuta nimemshika.

Loretta